Alama ya Hatari Iliyopigwa Pasi

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa waliosimama, waliokaa na walioko chooni, kwamba katika kiwanda fulani cha kufulia nguo amethibitika kuwepo mtu mmoja, mwanamke, umri miaka hamsini na minne, mwenye akili timamu na miguu miwili isiyolingana, ambaye akiuliza swali husubiri jibu. Wenye presha wakae chini kwanza. Wakubwa wamemchunguza mbele na nyuma, wamemhamisha idara mara tatu, na wamekiri kwamba hana dawa.

Wenzake wanamwita Mama Kwanini. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye orodha ya mishahara na halina kazi nyingine.

Miguu haikuzaliwa hivyo. Zamani, alipokuwa mkunjaji wa mashuka, toroli lililojaa mablanketi mabichi lilimteremkia kwenye ule mteremko wa kutoka chumba cha kufulia na kumponda vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Alilala wiki mbili. Aliporudi, akiwa bado anachechemea, alimwomba karani amsomee fomu ya ajali yake. Karani akaisoma bila kupepesa jicho: "Chanzo cha ajali: mguu ulikuwa njiani."

Mama Kwanini alikaa juu ya fungu la taulo akalifikiria jambo hilo. Mguu ulikuwa njiani. Kweli ulikuwa njiani; ungekuwa wapi, wakati hakukuwa na njia nyingine? Toroli je? Breki yake je? Mteremko nao uliletwa na mguu? Hakugombana na mtu. Alikunja taulo siku hiyo mpaka kengele ikalia, halafu akaenda kuuliza toroli lile lina breki au halina. Halikuwa nayo. Akauliza kwa nini. Aliyeulizwa akamjibu kwamba ndivyo tulivyozoea. Tangu siku hiyo mwanamke huyu amekuwa akikusanya jibu hilo kama wengine wanavyokusanya vikombe vya harusi.

Cheo cha afisa usalama alikipata kwa bahati mbaya, si yake bali ya meneja. Afisa wa zamani alipoacha kazi, meneja alitaka mtu mwenye mwandiko mzuri na asiye na maneno mengi. Mwandiko alipata. Akapelekwa mafunzo ya siku mbili, siku ya pili ikiwa ya kupiga picha, akarudi na cheti na kofia ngumu ya njano iliyomfika kwenye nyusi. Kofia aliiweka kabatini. Daftari aliliweka mfukoni.

Utaratibu wake hauna ufundi wowote wa kutisha. Kikivunjika kitu au akiumia mtu, anakwenda, anatafuta ndoo, anaipindua, anaikalia, anauliza kwa nini. Ukijibu, anaandika jibu lako, kisha analiuliza jibu lenyewe kwa nini. Hapandishi sauti. Hakunji uso. Anakutazama kama mtu anayesubiri maji yachemke. Watu wazima na ndevu zao wameungama mbele ya ndoo ile mambo ambayo hawajawahi kuwaambia wake zao. Na pale mtu anapofika mwisho wa maneno yake, anapobakiwa na lile la ndivyo tulivyozoea, hapo Mama Kwanini hupiga mstari chini na kusema, "Asante, umenisaidia sana." Anamaanisha. Hilo ndilo linalowachanganya watu.

Nyumbani nako hakuna likizo. Mume wake ni fundi cherehani, mtu mpole mwenye pini mdomoni kuanzia asubuhi, na kwa miaka thelathini ameishi chini ya uchunguzi. Chai ikiingia chumvi, hapigiwi kelele. Anaulizwa makopo ya sukari na chumvi yalikuwa yamekaa vipi, na kwa nini yanafanana, na nani aliyanunua. Aliyeyanunua huwa ni Mama Kwanini mwenyewe, na huandika.

"Nyumba za watu," hulalamika fundi, akitoa pini mdomoni ili alalamike vizuri, "mtu akivunja kikombe anatukanwa mambo yanaisha. Mimi nikivunja inaundwa tume."

"Na vikombe vimevunjika vingapi mwaka huu, baba watoto?"

"Hakuna."

"Haya."

Basi. Ilikuwa Jumanne, saa mbili kasoro robo asubuhi, na ubao wa pale mlangoni ulisomeka: SIKU 211 BILA AJALI. Ubao huo ndio mtoto wa pekee wa meneja. Watoto wengine anao, lakini huo ndio anaoufuta vumbi mwenyewe. Kila asubuhi huja na chaki kabla hajanywa chai, akaongeza moja, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Wafanyakazi walimpachika jina la Kalenda, na walijua ya kwamba ukijikata kidole katika kiwanda kile, ni heshima kujikatia nje ya geti.

Asubuhi hiyo msichana wa mashine namba tatu, anayeitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akiwa na pamba mdomoni kwa daktari wa meno, alichukua dumu la njano akaenda kujaza tanki la klorini. Hapa inafaa msomaji aelezwe jambo moja, nalo ni jepesi. Mashuka ya hospitali hufuliwa kwa klorini ili madoa yatoke, na mwishoni husuuzwa kwa asidi kidogo ili klorini iishe nguvu. Klorini ina tanki lake, asidi ina tanki lake. Vikikutana kabla ya wakati vinatoa moshi ambao hautaki mazungumzo. Karatasi za majina hazikai kwenye madumu, mvuke wa mle ndani unazibandua kabla gundi haijakauka, kwa hiyo watu hufuata rangi: dumu la njano ni klorini, dumu la buluu ni asidi. Mtoto wa miaka minne angeweza.

Chiriku akamimina la njano kwenye tanki la klorini, na tanki likatoa moshi wa rangi ya limau bovu.

Walioona wanasema hakukimbia kwanza. Alirudisha kifuniko cha tanki, akakikandamiza kwa mkono mmoja, akapiga kelele ambazo kwa mara ya kwanza maishani mwake zilikuwa na maana: "Tokeni! Tokeni nyote! Acheni mashuka, tokeni!" Watu kumi na wanane walitoka wakikohoa. Yeye akawa wa kumi na tisa, akiburutwa na wanawake wawili wa meza ya kuchambulia nguo, macho mekundu na kifua kinalia kama mlango wenye kutu.

Akapelekwa hospitali, ileile tunayoifulia, na akalazwa juu ya shuka alilolifua mwenyewe wiki iliyopita. Alilitambua kwa kiraka.

Kufika saa tano, meneja alikuwa amekwisha maliza uchunguzi. Alimwita Mama Kwanini ofisini, akamsogezea fomu iliyojazwa kwa kalamu nzito.

"Mama, nimekurahisishia. Chanzo: uzembe wa mfanyakazi, alikuwa akichezea simu. Hatua: kuachishwa kazi Jumatatu. Weka sahihi hapa chini tu."

"Nani aliyeiona simu, bosi?"

"Hawa vijana wote wana simu."

"Na ubao utaandikwa ngapi?"

Meneja alitazama dirishani. "Nilikuwa nafikiria hili tuliite tukio. Tukio si ajali."

"Na yule aliyelazwa?"

"Amelazwa kwa tahadhari."

Fomu bila sahihi ya afisa usalama haipokelewi na wakaguzi. Hiyo ndiyo nguvu pekee aliyo nayo Mama Kwanini duniani, na anaitunza vizuri. Alikunja fomu mara nne, kama shuka la mtoto, akaiweka mfukoni. "Nitaileta Jumatatu," akasema. Alijua ilivyo. Mtu akifukuzwa kwa uzembe wa dawa, maneno yale humfuata. Hakuna dobi nyingine itakayomruhusu kushika hata sabuni ya kipande. Na Chiriku hajui kazi nyingine, na anaishi na mama yake mzazi asiyeona, ambaye humtambua binti yake anarudi kwa kumsikia akiongea toka kona ya mtaa.

Alasiri alikwenda wodini. Chiriku alikuwa na mpira wa hewa puani, na alikuwa kimya. Mama Kwanini alikiri baadaye kwamba ukimya ule ulimtisha kuliko moshi.

"Mama," Chiriku akanong'ona, "lilikuwa dumu la njano. Naapa kwa—"

"Usiape, utachoka bure. Lilikuwa la njano. Nimeliona, bado lipo palepale. Nakuamini."

Chiriku akaanza kulia, na kulia kukamletea kikohozi, na kikohozi kikamleta muuguzi aliyemtolea Mama Kwanini macho. Walipoachiwa tena, Mama Kwanini akauliza kwa sauti ya chini, "Simu yako ilikuwa wapi?"

"Kabatini. Imekwisha chaji tangu Jumatatu. Chaja tunagombania watu saba."

"Na harufu? Asidi si ina harufu yake?"

"Mama yangu, mle ndani hata ukiletewa mbuzi hutamnusa. Ni sabuni tupu."

"Kweli," akasema Mama Kwanini, akaandika mbuzi. "Asante, mwanangu. Lala."

Jumatano alikwenda stoo. Mtunza stoo ni mzee anayeitwa Kofuli, kwa funguo ishirini na mbili zinazomning'inia kiunoni, kati ya hizo mbili tu ndizo zenye mlango. Alimkuta amekaa gizani. Hakuwa amewasha taa. Mama Kwanini alitafuta ndoo, akaipindua, na kabla hajaikalia vizuri mzee akasema:

"Ni mimi."

"Wewe nini, mzee wangu?"

"Ni mimi niliyetia asidi kwenye la njano. Pipa kubwa lilifika Jumatatu jioni, fundi wa mashine anataka asidi, mimi sina dumu la buluu hata moja. Nikasema nitafanyaje? Nikachukua la njano. Lakini alama niliweka! Nilifunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa dumu, mafundo matatu. Nikamwambia kila niliyemwona: lenye kitambaa chekundu ni asidi. Wewe mwenyewe hukuniona mlangoni nawaambia watu?"

"Sikuwepo, mzee."

"Basi. Chiriku naye hakuwepo, yuko zamu ya asubuhi." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Sijalala. Yule mtoto akifa je?"

"Hafi. Nimetoka kumwona, anaongea habari za mbuzi. Mzee, hicho kitambaa kiko wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Dumu lilikutwa uchi, halina kitambaa. Na mtu yeyote mwenye akili ya kimeneja angesema mzee anatunga, kwa hiyo badala ya kumfukuza mmoja kwa simu ambayo haikuwepo, angewafukuza wawili, wa pili kwa kitambaa ambacho hakikuwepo.

Mama Kwanini aliifuata njia ya lile dumu kwa miguu yake isiyolingana. Kutoka stoo, ukumbini, kupita meza ya kuchambulia nguo, mpaka kwenye kona ya mashine ambako madumu hulala usiku. Alitafuta chini ya meza. Alitafuta kwenye mapipa ya taka. Alikwenda na kurudi siku mbili, watu wakawa wanamwachia njia bila kuuliza. Ijumaa mchana, akiwa amechoka, aliingia chumba chake cha zamani cha kukunjia apumzishe mguu, akaegemea rafu ya vitu visivyo na mwenyewe. Rafu hiyo ina soksi mojamoja, leso, vitambaa vya kifuani vya watoto wachanga, na siku hiyo, kati ya leso na soksi, kilikuwepo kitambaa chekundu chembamba, kimefuliwa, kimekauka, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne, kinanukia vizuri.

Alikichukua akaenda nacho kwenye meza ya kuchambulia. Mkubwa wa meza ile ni mwanamke mnene mwenye miwani, waliyeanza naye kazi wiki moja, na wanaitana shoga.

"Shoga, hiki unakijua?"

"Nakijua sana. Kilikuwa kimefungwa kwenye dumu, pale kona, Jumatatu jioni. Kichafu! Kina mafuta mpaka basi. Nilikifungua kwa meno."

"Kwa nini ulikifungua?"

Shoga alivua miwani ili amtazame vizuri mtu anayeuliza swali kama hilo. "We mwanamke, una homa? Kitambaa kichafu kinaning'inia mbele yangu, mimi nipite? Hapa si dobi?"

Mama Kwanini alikaa chini. Hata ndoo hakutafuta. Alikaa sakafuni, juu ya mito ya hospitali, akacheka mpaka machozi, na shoga naye akacheka bila kujua anacheka nini. Alama ya hatari ya kiwanda kizima ilikuwa imefuliwa. Mahali pengine popote pale duniani, kitambaa kile kingekaa kwenye dumu mpaka kioze: karakana kingekaa, bandarini kingekaa, ofisi ya serikali kingepewa na namba ya faili. Hapa tu, mikononi mwa watu wanaoijua kazi yao, hakikumaliza saa moja.

"Umeifanya kazi yako vizuri sana, shoga," akasema, akijifuta macho. "Usimwambie mtu kwanza. Na usilie nikikueleza."

Akamweleza. Shoga akalia.

Mtu mwingine angefunga daftari hapo. Simu haikuwepo, kitambaa kipo, Chiriku ameokoka, mzee ameokoka. Lakini swali lilikuwa limebaki, na Mama Kwanini alilisikia likimkwaruza njia nzima ya kurudi nyumbani: kwa nini madumu ya buluu yalikwisha?

Jibu lilikuwa linamsubiri jikoni kwake.

Madumu ya buluu ni mazuri. La njano lina mdomo mwembamba na mkono unaokata vidole. La buluu lina mdomo mpana unaoingia mkono, kifuniko kisichovuja, na mkono laini kama wa mtoto. Ukiliosha mara saba linatunza maji wiki nzima hayabadiliki ladha. Kwa hiyo pale dobi, miaka na miaka, umekuwepo utaratibu ambao haukuandikwa popote: mwenzetu akijifungua, akioa, akiolewa au akihamia nyumba mpya, wanamchagulia dumu moja la buluu lililo tupu, wanalisugua mpaka ling'ae, wanalifunga utepe wa shuka kuukuu, wanampelekea kwa vigelegele. Hakuna aliyeiba. Ni upendo mtupu. Na mwaka huo upendo ulikuwa mwingi mno, kwa sababu wanawake tisa wamejifungua, mmoja mapacha, na kwa mapacha yalitolewa mawili.

Mama Kwanini alikuwa nayo manne. La mtoto wa kwanza, la mtoto wa pili, la kuhamia nyumba hii, na moja ambalo hakumbuki sababu yake, jambo ambalo lilimuuma kuliko yote. Lile la karibu na mlango ndilo alilokuwa amechota maji akanywa, kikombe bado kiko mkononi.

Aliweka kikombe juu ya meza, akafungua daftari.

Fundi alimwona anaandika, akasogea, tepu ya kupimia shingoni, akasoma. Akatoa pini zote mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Mama watoto. Hilo la kwetu usiliandike."

"Kwa nini?"

"Usinianzie mambo ya kwa nini. Watakufukuza wewe. Yule bwana anatafuta shingo ya kukata, wewe unampelekea yako na kisu juu?"

"Nikiruka langu, kesho nitakwenda kumuuliza nani? Nitamkalia nani kwenye ndoo?"

Fundi alizunguka cherehani mara mbili. Ni mtu anayefikiri kwa miguu. "Miaka thelathini," akasema mwishowe, "nimekuwa nikinywa maji matamu, kumbe nakunywa ushahidi." Akaenda kuyamimina yote manne kwenye sufuria, beseni na ndoo ya kuogea, akayaosha mwenyewe, akayapanga mlangoni. Mama Kwanini alimtazama mgongo wake uliopinda kwa kushona, na moyo ukamjaa. Alimpelekea chai. Ilikuwa na sukari.

Jumatatu saa tatu walikutana ofisini kwa meneja: Chiriku, katoka hospitali siku moja kabla, amejifunga mtandio mpaka puani, Mzee Kofuli na funguo zake, shoga na miwani yake, na meneja, mbele yake barua ya kumwachisha Chiriku kazi, imeshapigwa muhuri. Ubao kule mlangoni ulikuwa haujaguswa tangu Jumanne. Ulikuwa bado 211, kama saa iliyosimama mtu alipofariki.

Mama Kwanini alikiweka kitambaa chekundu mezani, bado kimekunjwa. Akaeleza. Meneja alikifungua, akakinusa bila kukusudia.

"Nani alikifua?"

"Mimi," akasema shoga.

"Basi wewe—"

"Bosi," akasema Mama Kwanini, "huyu ukimfukuza kwa kufua kitambaa kichafu ndani ya dobi, wakaguzi wakisoma watatuita kwenye sherehe zao tukawachekeshe. Mimi naomba tuulize hivi: watu mia na arobaini, dawa za kuua mtu, na kinachowalinda ni utepe?"

Meneja akageukia mzee. "Na wewe, kwa nini madumu ya buluu hayapo? Nani ameyachukua?"

Mzee Kofuli alitazama funguo zake. Shoga alitazama dari. Hapo ndipo Mama Kwanini alipofungua ukurasa wa pili.

"Nina orodha. Madumu sabini na saba, na sababu zake. Wa kwanza ni mimi, manne. Nimeyarudisha asubuhi hii, yako getini."

Hata Chiriku alishusha mtandio.

"Unajua unachokifanya?" meneja akauliza, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kwa ukali. "Unajitia kitanzi mwenyewe."

"Inawezekana. Lakini, bosi, nina swali dogo. Maji ya kuweka kwenye rejeta ya gari lako, unayabebea kwenye nini?"

Meneja aligeukia dirisha. Kupitia dirishani gari lake lilionekana vizuri kabisa, limeegeshwa kivulini.

"Lile nilipewa," akasema. "Nilipohama nyumba."

"Ulipewa na sisi. Utepe niliufunga mimi. Na ulifurahi, bosi, mpaka ukatuhutubia." Akasema hivyo bila kejeli hata chembe, na ndiyo maana yule bwana alishindwa kukasirika. "Hakuna mbaya hapa. Tulipendana tu, na hakuna aliyehesabu. Kama ni kufukuza, tufukuzane wote, wa mwisho azime taa."

Mzee Kofuli akacheka kwa bahati mbaya, akajifanya kukohoa. Chiriku akacheka, akakohoa kweli. Kile kikohozi ndicho kilichomaliza kesi. Kilikuwa kirefu, na kilivuma kwenye ofisi ile ndogo mpaka kikajaa kila kona, na meneja alikaa anakisikiliza chote, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesomewa fomu yake mwenyewe. Chiriku alipotulia, meneja aliinuka, akamimina maji kwenye glasi, akampelekea kwa mikono miwili.

"Walikuwa watu wangapi mle ndani?" akamuuliza.

"Kumi na tisa, pamoja na mimi."

"Na uliwatoa wote."

"Nilipiga kelele tu, bosi. Ndiyo kazi ninayoiweza."

Meneja alichukua barua, akaichana mara mbili, akatafuta pa kuitupa, akaiweka mfukoni. Halafu alitoka nje bila kuaga. Walimwona kupitia dirishani akifuta ubao kwa kiganja, si kwa kitambaa, akaandika sifuri kubwa, ya duara zuri, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama. Halafu akaenda kwenye gari, akafungua buti, akatoa dumu.

Yaliyofuata watu wa mtaa ule wanayazungumza hadi leo. Kesho yake asubuhi wafanyakazi walikuja kazini kila mmoja na dumu lake la buluu, wengine kichwani, wengine kwenye baiskeli, mama wa mapacha na mawili na watoto wake mgongoni na kifuani. Wapita njia walidhani maji yamekatika mji mzima, wakakimbilia kuchota. Yalirudi sitini na manane. Mengine yalikuwa yametoboka, na moja lilikuwa limeoteshwa maua, likapokelewa na maua yake. Mzee Kofuli aliyapokea mlangoni akimshukuru kila mtu kwa mkono, na zamu ilichelewa kuanza kwa saa nzima, na meneja hakusema neno.

Majina sasa yamechorwa kwenye plastiki yenyewe kwa chuma cha moto, herufi kubwa kama mkono, mvuke ujaribu. Tanki la klorini sasa lina mpira wa kujazia, usioshika mdomo mpana wa dumu la buluu hata ukiubembeleza. Anayejifungua anapelekewa mashuka mawili na ujumbe wote kama kawaida, na vigelegele havijapungua. Na kila mfanyakazi anayeshika dawa anaelekezwa upya, mmoja mmoja, na Mama Kwanini, ambaye hana haraka.

Zamu ya Chiriku ilifika Alhamisi. Alielekezwa nusu saa nzima bila kukatiza, jambo ambalo lingestahili ubao wake wenyewe. Walipomaliza, alibaki amesimama, amekunja vidole, macho yamejaa.

"Mama," akaanza, "mimi nina jambo. Jana ndipo sauti imenirudia, nimerudi nyumbani naongea toka kona, na mama yangu alikuwa mlangoni, akaniambia, wiki nzima nilikuwa nasikiliza mtaa, mtaa ulikuwa mtupu. Akaniambia nije nikushukuru, na mimi sijui nianzie wapi. Wote waliniuliza nilifanya nini. Ni wewe tu uliyeuliza kwa nini. Ningekuwa sina kazi, sina jina, sina pa kwenda. Mungu akupe maisha marefu, akupe miguu mipya. Nikijaaliwa mtoto wa kike, mama, nakuahidi, nitampa jina lako, lile la kwenye orodha ya mishahara, na nitamweleza tangu akiwa tumboni kwamba alikuwepo mtu mmoja—"

"Weka sahihi hapa," akasema Mama Kwanini. "Na kalamu urudishe."